Furaha Asifungiwe

Nyakabiga, Bujumbura

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mgongo wako umepoa? Nyumba imestahimili mvua? Mi niko salama, nakula, nasoma, na hasira ninayo. Nakuambia mapema usije ukashangaa huko chini ya barua.

Barua yako imenifikia. Unasema Furaha ameanguka akicheza mpira, akakaa kama amekufa, na watu wa maombi wameshaamua: pepo aliyenitoka mimi amemwingia mdogo wangu. Jumamosi wanamfungia kwenye chumba cha maombi siku tatu, bila chakula wala maji. Baba, apana. Nimekataa. Mlinifanyia hivyo hivyo nikiwa na miaka kumi na mitano. Wakanipigia ngoma masikioni, nikazimia mara mbili humo ndani, mkasema pepo anapigana. Nilikuwa nakufa, Baba.

Hakunitoka pepo yeyote. Mwaka jana nilianguka kwenye ngazi za chuo, hapo jirani Mutanga Sud. Mama Asha, yule Mwislamu ninayepanga kwake, aliniangalia tu akasema, "We mutoto, hii mambo apana ya kulala nayo. Kesho tunaenda kwa dokta." Akafunga duka lake, tukaenda. Wakanibandika waya kifuani, karatasi ikatoka, daktari akakunja uso. Damu yangu ikapelekwa kupimwa nje ya nchi, nikasubiri miezi, jibu likaja.

Nakueleza kama nilivyoelezwa. Moyo umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno, na kila seli ina milango. Kalisiamu, yale madini ya kwenye maziwa na mifupa, ikiingia hapo, moyo unakaza, unapiga. Mlangoni imekaa protini inayoitwa kalmodulini. Kazi yake ni kuihisi kalisiamu: ikishadaka ya kutosha, inaufunga mlango, moyo unapumzika. Ni kama mzee anayesimamia mlango wa harusi. Watu wakijaa, anafunga. Kalmodulini yangu ina kasoro tangu tumboni mwa Mama, inachelewa kufunga. Kalisiamu inazidi kumiminika, na nikikimbia au nikishtuka, moyo unavurugika, naanguka. Hiyo ndiyo habari yote, shetani hayumo.

Nameza vidonge kila asubuhi, sikimbii, na tangu hapo sijaanguka. Daktari amesema ndugu wa tumbo moja wapimwe. Kukaa bila maji kunaharibu chumvi za mwili ambazo moyo unazitegemea, na ngoma za ghafla zinaweza kumuua. Umesikia? Kumuua.

Nakuja mwenyewe. Mama muuza vitenge anayekuletea barua hii anasafiri leo. Mi nafika Ijumaa. Mtihani utanisubiri, na usiponisubiri basi. Wakitaka kuniita mkaidi, waniite. Wamwombee Furaha nje, kwenye hewa, akiwa ameshiba.

Msalimie Mama, umwambie asitoke kando ya Furaha. Msalimie shangazi wa sokoni na bibi mzaa Mama.

Kuna jambo moja sikutaka kuliandika. Daktari aliuliza nani mwingine kwetu aliwahi kuanguka. Nikamtajia mdogo wako, marehemu baba mdogo, aliyezama akiogelea mkasema amelogwa. Akaniambia huenda kasoro hii inatoka upande wako. Kwa hiyo wakija Jumamosi kumchukua Furaha, waambie pepo huyo alipitia kwako, Baba. Waanze kukufungia wewe.

Binti yako asiyekubali,
Mwamini