Kikwembe cha Mama Chini ya Karatasi

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili kisha ibada

Mapendo, mdogo wangu,

Nakusalimia kwa mikono yote miwili. Ule mguu wako unaendelea namna gani? Shemeji bado anakohoa? Batoto banasoma? Sisi huku tunapumua. Bibi yangu Furaha, wifi yako, iko anashona nguo za kwaya, mgongo unamuuma lakini haachi. Mi niko mzima wa mwili, ila kuchoka njo kunanikula. Tangu uliponipigia simu kusema mama ametutoka, naamka nimechoka kuliko vile nililala.

Ndani ya bahasha utakuta foto. Usiitazame kwanza. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka siku ile niliwaambia jamaa yote kwenye simu, sauti juu: musitengeneze foto ya matanga huko Uvira, mi njo mkubwa wa foto Lilongwe, itatoka kwangu. Sikumwaga udongo juu ya mama. Nikasema basi, uso wake mbele ya bantu iwe kazi yangu.

Na haikuwa uongo, unajua mi siongopi. Kule Biwi, Lilongwe, kwenye studio ya mama mmoja, Mai Chisomo, natumika kazi tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, mtaa mzima unaniita Engineer. Juzi nilipanda kabaza, ile kinga, baiskeli ya kubeba bantu, fremu ikakatika katikati. Mwenye kinga akanitazama akasema, mzee, hii si uzito wa nyama, ni wa akili. Shule ya primeri sikuimaliza, lakini unaona.

Bon. Ile foto ya Krismasi mtoto wako aliyotutumia, nikaitoa kwa printa. Mama akatoka kijani, kama majani ya sombe ya jana. Nikaitoa tena, kijani. Mama yetu, mweusi wa kung'aa, amekuwa mgonjwa wa karatasi. Nikaificha Mai asione.

Bahati nzuri Mai alikuwa ameazima mashini ya kusoma rangi kwa rafiki yake wa mjini. Ni kitu kidogo kama pasi. Kila printa iko na uongo wake, Mapendo. Unaiambia itoe karatasi ya vipande vidogo vya rangi, kisha unapitisha ile mashini juu yake, mstari kwa mstari. Inaambia kompyuta: hapa printa imezidisha, hapa imepunguza. Kompyuta inasahihisha. Kazi hiyo Mai alinipa mi, na Jumamosi jioni mashini ilikuwa inarudi kwa mwenyewe.

Lakini mashini yenyewe ilikuwa inasema ovyo. Kipande cheupe inakiita chekundu kidogo, cha pembeni yake inakiita sawa. Na kompyuta, ikisikia nyekundu imezidi, inaipunguza, njo sura za bantu zinazidi kuwa kijani. Mwenye mashini akatuambia kwa simu tupanguse kile kigae cheupe inachojipimia. Nikapangusa. Akasema tuache wino ukauke vizuri. Tukaacha mpaka kesho yake. Nikafunga pazia, nikaipitisha polepole kama napaka mtoto mchanga mafuta. Ovyo vile vile. Jumamosi ilifika, Mai akaanza kuzungusha waya aiweke ndani ya sanduku. Nikamwambia, Mai, zikomo, nakuomba, moja ya mwisho.

Nikageuza karatasi, juu ikawa chini. Kama kosa liko kwa karatasi, litageuka pamoja nayo. Halikugeuka. Lilibaki mahali pale pale pa meza. Nikainua karatasi: chini yake kulikuwa na ua jekundu.

Lilikuwa ua la kikwembe cha mama, kile kitenge chake. Unakijua, kile alichokata vipande viwili siku ninakimbia vita, kimoja akabaki nacho, kingine akanifungia unga. Kwetu kitu cha heshima hakilali juu ya mbao tupu, basi mashini ilipokuja nilikitandika mezani. Na karatasi za Mai ni nyembamba, mwanga unapita mpaka chini na kurudi na rangi ya ua.

Mai alicheka mpaka akakaa. Akasema, "Engineer, mashini yako ilikuwa inachungulia nguo ya mwanamke."

"Ni ya mama yangu," nikasema. "Na huyu wa kijani njo yeye. Tunamuondolea matanga."

Sikuwa nimemwambia. Akazima redio, akaenda mwenyewe kuleta karatasi nyeupe tupu, akazipanga nyingi chini ya ile ya vipande. Nikasoma upya, mstari kwa mstari, yeye akishika pembe zisiteleze. Mara hii nyeupe ikawa nyeupe.

Tukatoa foto. Mama amevaa kile kipande chake, alichokuwa anatunza kwa Krismasi tu. Changu kimechuja kwa jua la Dzaleka, lakini nikafumua pindo, na mule ndani rangi ya kwanza ilikuwa bado inalala. Nikaiweka juu ya foto. Sawasawa. Engineer ni Engineer.

Pastori wetu anayekuja Uvira njo atakupa bahasha. Msalimie Tantine aliyelala na mama hospitali, na jirani aliyemwosha, na mtoto wako wa foto. Mwambie mjomba amemkubali. Shemeji anywe dawa.

Sasa itazame. Uzi wa pindo nimeuweka humo, ulinganishe na kikwembe. Rangi ya kikwembe nakubali kuapia. Uso siwezi. Mashini inasema ni sawa, Mai anasema ni sawa, lakini mi niliutazama mpaka macho yakachoka, na sikujua tena kama mama alikuwa mweusi hivi ao zaidi. We njo ulimfunga macho alipokata roho. Kama iko yeye, itundike mahali pa juu na uambie bantu nani aliitoa. Kama haiko yeye, usiseme kitu mbele yao. Niandikie mi peke yangu. Nitaomba ile mashini tena.

Kaka yako wa tumbo moja,
Bahati