Trekta Limekalia Mawele

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji kwa jambo utakalolielewa huko mbele. Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima, mstaafu wa reli, nakaa upande wa Kyuso, na ukurasa wako nausoma kila gazeti linapotufikia, na kwa jinsi unavyowajibu watu bila kuwabembeleza nimejua wewe ni mzee mwenzangu, ndiyo maana nakuandikia kama mwanamume kwa mwanamume.

Shida yangu ni mke wangu Kalunde, ambaye ni mke mwema, anaomba, anapika, hajawahi kunijibu vibaya tangu tuoane, lakini sasa amekataa kusukuma trekta.

Trekta hilo nililinunua kwa pesa zangu za kustaafu, pale Sultan Hamud nilipokuwa nikifanya kazi stesheni, na si trekta la hivi hivi, ni chuma cha zamani cha wakati wa vita vya Hitler, linawashwa kwa petroli halafu likishapata moto unalibadilishia mafuta ya taa, na likinguruma hapa kwetu linasikika mpaka sokoni. Nililikuta limelala nyuma ya duka moja, kuku wanatagia kwenye kiti, na watu walicheka, lakini mtu hucheka kile asichokuwa nacho, nikalipakia kwenye lori mpaka nyumbani. Siku lilipofika nilichinja mbuzi, nikaita pasta akaliombea, na kwa kuwa kuni hazikutosha niliagiza zile fimbo za kupigia mawele, ambazo akina mama wa mwethya walikuwa wameziweka kwetu, zivunjwe zipikie nyama, kwani zilikuwa za nini tena?

Mwethya najua unaujua, ule utaratibu wetu Wakamba wa kusaidiana, leo akina mama wanapiga mawele kwa huyu, kesho kwa yule, na miaka yote walikuwa wakija kwetu wanaimba, wanapiga, wanakula, wanakwenda, na Kalunde naye anakwenda kwao. Basi siku hiyo nyama ikiwa bado jikoni nilisimama mbele yao nikawaambia, kwa upole kabisa, kwamba hii ni miaka ya themanini, mambo ya fimbo ni ya gizani, na kuanzia leo mke wangu hatatoka tena kwenda kupiga mawele ya watu na nyumbani ana mashine. Kiongozi wao, mama mmoja anaitwa Nthenya, aliniuliza swali moja tu.

"Mzee, na hii mashine yako ni ya mwaka gani?"

Nikamwambia. Akasema, "Basi hiyo ni mkubwa wangu, lazima niisalimie." Akina mama wakacheka sana, nami nikadhani wamefurahi.

Nisikudanganye, msimu wa kwanza lilifanya kazi. Tulitandaza mawele kwenye uwanja wa kupuria, ule Kalunde anaousiriba kwa samadi ya ng'ombe mpaka unakuwa mgumu, nami nikawa nazunguka juu yake na trekta, magurudumu yanaponda masuke, punje zinatoka, watu wamejaa kwenye ua wanatazama. Ni kweli lilivuja kidogo, uji ukawa na harufu ya mafuta, jambo ambalo ukilizoea hulisikii tena, ingawa mnunuzi wa pale Kyuso alinusa ndengu zetu, ambazo nazo nilizipura kwa trekta, mara moja tu akafunga gunia. Ni kweli pia kwamba usiku tunakaa bila taa kwa sababu mafuta ya taa yanaenda kwa trekta, lakini mshauri, watu waliookoka wanahitaji taa ya nini baada ya sala?

Msimu wa pili likakataa kuwaka kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, likawa linataka kusukumwa, na huku kwetu ni tambarare tupu, hakuna hata kamteremko. Mimi siwezi kusukuma kwa sababu lazima mtu akae juu ashike usukani, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo Kalunde aliwaita wale akina mama wa mwethya, nao walikuja kwa ajili yake, wakasukuma kutoka zizini mpaka karibu na mto mkavu ndipo likawaka, wakakaa chini wanahema huku nikipura. Sikuwapa chakula, kwa sababu kazi ilikuwa imefanywa na mashine.

Sasa mwaka huu mvua ilitupenda, mawele yamejaa mpaka tumekosa pa kuyaweka, na hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima, hatuna kingine. Tukayatandaza uwanjani, vijana wa sokoni wakanisukumia, likawaka vizuri sana, nikazunguka mara chache, na katikati ya uwanja, juu ya mawele, likakohoa likazima. Liko hapo mpaka leo. Limekalia mawele yetu, linadondosha mafuta, nami nimelitegea sufuria ya Kalunde chini. Vijana wamepanda lori la kokoto, wameenda zao. Nilijaribu hendeli peke yangu ikarudi nyuma ikanipiga mkono, na ndiyo bandeji niliyokuambia. Na mawingu yameanza kukaa upande wa milimani, na mawele yakinyeshewa pale chini yataota kama kitalu.

Nikamwambia Kalunde, "Nenda uwaite wale mama."

Akasema, "Baba Mbinya, mimi nilitolewa mwethya. Wewe ndiye ulinitoa. Sasa nitawaita na mdomo gani?"

Nikaenda mwenyewe kwa Nthenya, na kofia mkononi, mimi mzee wa kanisa. Akanikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia, "Mzee, sisi hatuna mwethya ya kusukuma. Mwethya ni wewe uje kwangu, na mimi nikuje kwako. Sasa wewe umepiga mawele ya nani?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka njia sikuiona. Na Kalunde, badala ya kunipa pole, akasema, "Si uuze tu hiyo chuma kwa kilo, tukule." Hapo ndipo nilipolia, mshauri, na sijawahi kulia mbele yake.

Kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu. Marehemu baba yangu, Nzuki, alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Ulu, na trekta la huko lilikuwa kama hili langu, hata rangi, na kazi ya baba ilikuwa kutembea nyuma yake akiokota mawe, msimu kwa msimu, vumbi lote linamwingia yeye. Siku moja mzungu alipoenda kula, baba alipanda akakaa kwenye kile kiti, akaniita nimwone, nilikuwa mdogo, na mzungu akarudi akamfukuza pale juu kama kuku, mbele yangu. Baba alishuka akaendelea kuokota mawe. Amekufa bila kukaa tena kwenye kiti cha trekta, na mimi nikiwa pale juu, kile chuma kinanguruma, naona kama ni yeye ameketi. Sasa niuze kiti cha baba kwa kilo?

Naomba unijibu mambo mawili. Je, nimshtaki huyu Nthenya kwa chifu kwa kumharibu mke wangu? Na je, kuna andiko linalomwamuru mke kusukuma? Pasta nimemuuliza, amesema atatafuta.

Nijibu haraka, mawingu hayo.

Ni mimi Ndululu,
Kyuso.

*

Mzee Ndululu,

Barua yako niliijibu kwa mkono siku ile ile nikampa dereva wa basi la Kitui, kwa sababu mvua haingoji gazeti. Hapa nalirudia jibu hilo kwa faida ya wengine, maana wenye matrekta ya namna hiyo ni wengi, na si wote wanaoyategea sufuria.

Kwanza tusalimiane vizuri. Mimi si mzee mwenzako. Mimi ni nyanya, nimezaliwa Mukuyuni, na fimbo ya kupigia mawele niliishika kabla sijashika kalamu. Kwa hiyo ule mpango wa kuongea mwanamume kwa mwanamume umekuharibikia kama ulivyokuharibikia ule mwingine.

Chifu mwache na kazi zake. Utamwambia nini, kwamba mama wa watu alikupa kiti akakuuliza swali ukashindwa kulijibu? Na pasta mwambie apumzike, andiko hilo hatalipata. Atakayoyapata ni yale ya kumpenda mke wako, na hayo huyataki wiki hii.

Nimekuwa nikisoma barua za waume miaka mingi, na sijaona mashine kama yako. Umeileta kuwapunguzia wanawake kazi, na haiwezi kufanya kazi mpaka wanawake waisukume. Inakunywa taa ya nyumba. Inatia mafuta kwenye uji. Ingekuwa ng'ombe ungekwisha kumchinja, na wala usingeita pasta. Halafu unawaambia watu fimbo ni za gizani, nawe ndiye unayekula bila taa!

Lakini hayo ni ya kucheka tu. La kukasirisha ni zile fimbo. Hazikuwa zako. Waliziweka kwako kwa sababu walijua watarudi, na ukazitia jikoni wakiangalia, ukawapikia nyama kwa fimbo zao wenyewe. Mkamba anayejua maana ya mwethya hawezi kufanya hivyo akiwa na akili timamu, na wewe akili unayo, ila siku hiyo ilikuwa imekaa juu ya trekta. Tena walikuja kukusukumia baada ya hayo! Walikuja kwa ajili ya Kalunde, na ukawarudisha makwao na njaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee, na wewe ulivikata vingine vyote ukabaki na kimoja cha kuelekezea watu.

Sasa nisikilize. Kuhusu baba yako, nilisoma mara mbili, nikaweka miwani chini. Pole sana. Mtoto akimwona babake akifukuzwa mahali kama kuku, hilo halitoki. Usiliuze trekta. Kalunde alisema "kilo" kwa sababu hakujua, na hakujua kwa sababu hukumwambia. Umemwambia mshauri wa gazeti asiyekujua hata uso, na mama aliyekuzalia Mbinya umemficha. Mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni, hata kama ni gizani.

Kisha shika panga kwa huo mkono wa kushoto uende ukakate fimbo. Zikate nzuri, zilizonyooka, na zipite idadi ya zile ulizochoma. Zibebe mwenyewe mpaka kwa Nthenya, usimtume mtu. Usihubiri. Sema umekosa, kisha uliza kesho wanapiga mawele kwa nani, na hiyo kesho uwe hapo wa kwanza, upige kwa mkono mmoja, ufuate wimbo wao hata ukikosea. Watakucheka mpaka wakae chini. Acha wacheke, umewanyima chakula, wape basi kicheko. Ukishapiga mawele ya watu utakuwa na jibu la swali la Nthenya, na wao watakuja kwako bila kuitwa mara ya pili, kwa sababu ndivyo mwethya ulivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chakula chako kiko mvunguni mwa trekta kweli kweli.

Siku watakapokuja, pika. Pika kwa kuni. Yale mawele yaliyolowa mafuta yatenge, usiwape watu wala kuku. Sufuria ya Kalunde usiisugue kwa majivu ukamrudishia, nunua nyingine, hiyo ibaki na trekta.

Trekta lenyewe litolewe uwanjani kwanza, likawekwe chini ya mti, na Jumapili baada ya ibada unaweza kwenda kulikalia umkumbuke mzee wako kwa amani. Halihitaji kuwaka kwa kazi hiyo.

Bado neno moja, na hili ndilo lililonifanya nikimbilie basi. Baba yako alikuwa nyuma ya trekta, anakula vumbi, na juu amekaa mtu asiyetaka kushuka. Miaka imepita, trekta ni lile lile, hata rangi. Juu umekaa wewe. Nyuma, kwenye vumbi, umemweka nani?

Kwa hiyo siku ya kulitoa juu ya mawele, mpandishe Kalunde kwenye kiti, ashike usukani. Wewe shuka. Nenda nyuma, weka bega pamoja na akina mama, usukume. Ukimtafuta mzee Nzuki, utamkuta hapo, maana hapo ndipo alipokuwa siku zote.

Na kabla hamjaanza kusukuma, mwonyeshe Kalunde breki iko wapi, kama bado ipo.