Bure ya Mafuru

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia, nimechota maji, nimepika uji. Mwanangu Nyabise yuko kwenye kompyuta tangu asubuhi, anamalizia ripoti ya chuo. Mwisho wa kuipeleka Ijumaa. Akichelewa, hamalizi mwaka huu.
Mchana kompyuta imeandika mfumo wake hauna leseni. Kaizima, kaiwasha, haijafunguka tena. Mimi nilijua leseni ni ya bodaboda.

Jumanne, 4 Machi
Nimeenda Bunda, pale Kabasa, kwa Mafuru mtoto wa dada. Fundi. Ndiye aliyetuwekea huo mfumo. Siku ile alisema, "Mama mdogo, nakuwekea bure, na ni halali kabisa."
Leo kacheka mbele ya wateja. Eti kila mtu anatumiaga wa wizi, mimi nilitegemea nini. Eti dawa ni kufuta vyote, na ripoti humo humo.
Mtoto huyu alikuwaga analala kwangu. Nimebeba kompyuta kwenye kapu, nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Nyabise hali. Na mimi sili. Mafuru hapokei simu.
Mgeni akinidanganya nasahau. Huyu ni damu.

Alhamisi, 6 Machi
Wegesa anayesoma na Nyabise kaja kutoka Butiama na flashi. Humo kuna mfumo mwingine, Linux. Nao wa bure. Nikakataa. Nikamuuliza, "Na huu mmeiba wapi?"
Hakukasirika. "Hatujaiba, mama. Waliotengeneza wanagawa wenyewe. Ni kama vijiti vya mihogo. Unakata kwa jirani, unapanda, halafu na wewe unamkatia mwingine."
Hapo nikaelewa. Vijiti hatuuzianagi.
Kachomeka flashi. Kompyuta ikaamka, kuna picha ya ndege mnene kama bata. Hajafuta kitu. Ripoti ipo.
Wameitoa ripoti kwanza, ndipo wakauweka mfumo kabisa. Kompyuta kuukuu, lakini imekuwa nyepesi. Haidai leseni.

Ijumaa, 7 Machi
Ripoti imefika chuoni. Tumekula ugali na sato. Nyabise kaongeza.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Baada ya misa nimekata vijiti vya mihogo. Fungu la Wegesa. Fungu la dada, yeye hajanikosea.
Mafuru kaja kuchukua la mama yake. "Shikamoo, mama mdogo." Nimeitika. Kompyuta hakuitaja.
Zamani nilikuwaga namkatia na la kwake.