Uyoga Niliouanika Jikoni kwa Mama Nestori

Mishamo, Katavi

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima, nimekula na nimeoga, na kabla sijakuuliza habari za magoti yako naomba nianze na lile linalokunyima usingizi: sijaua mtu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Ile meseji yangu ya "wote wazima" ilikuwa ya kweli. Ila nakujua wewe, ukishasikia mwanao analia kwenye simu halafu simu ikakata, meseji haikutoshi.

Haya, sasa nauliza. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Baba ameshapalilia alizeti au bado anagombana na vibarua? Na Ramadhani, mwambie dada yake anauliza kama ameanza kuamka mwenyewe au bado unamwamsha kwa maji.

Kueleza kwa simu nimeshindwa. Huku mtandao unapatikana ukipanda kichuguu kilichopo nyuma ya kanisa, na ukiwa juu ya kichuguu mtaa mzima unasikia mambo yako. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua tuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Chuo kimesema sayansi ya mazingira na viumbe haisomwi kwa kukodolea slaidi, kwa hiyo tumegawanywa kwenye kaya za wenyeji na kila asubuhi tunaingia msituni. Tunapima unene wa miti kwa utepe, tunachimba udongo, tunachota maji ya mto kwenye vichupa. Nimejifunza mwezi huu mmoja kuliko miaka miwili ya kukopi notisi. Mikono yangu ungeiona ungedhani nafyatua matofali.

Mimi nimepangiwa kwa Mama Nestori. Yeye na mzee wake waliletwa huku wakiwa watoto, wakati wazazi wao wanakimbia vita Burundi, na siku hizi ni raia kama mimi na wewe. Wanalima mahindi, maharage na mihogo. Wanaishi na mjukuu wao, Jeni, yuko darasa la tatu. Mama Nestori ni mtu wa maneno machache, lakini siku ya kwanza tu aliniita mwana wanje, ndivyo wanavyosema mwanangu kwa Kirundi, na alipojua mimi ni Mwislamu alinitengea sufuria yangu bila kuulizwa.

Sasa kazi niliyopewa mimi ni uyoga. Naokota kila aina ninayoikuta, wa kuliwa na usioliwa, naupiga picha, naufunga kwenye gazeti lenye namba, kisha naukausha ili uende chuoni. Kuukausha ndiyo shughuli. Mvua huku hainyamazi, jua likitoka linachungulia tu na kurudi ndani, na uyoga ukilala mbichi siku moja unakuwa uji. Siku hiyo nilirudi nimelowa chapachapa, na kikapu kimejaa. Mama Nestori alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaingia jikoni, nikaona kichanja cha juu ya moto, pakavu, moshi kidogo, joto zuri. Nikapanga vifurushi vyangu pale. Nikala viazi, nikalala. Sikumwambia mtu.

Mama, hebu fikiri. Kwenye kile kichanja nilishaona samaki wakikauka, nyama, mbegu za maboga. Nyumba ile kilicho juu ya moto ni chakula, hata paka anajua. Na miongoni mwa vifurushi vyangu kulikuwa na uyoga mmoja mweupe mzuri, una pete shingoni na chini una kitu kama kikombe. Mwalimu wetu msimamizi alituonya kuhusu huo mpaka akarudia mara tatu. Alisema ubaya wake ni kwamba mtu anakula, anausifia, anashinda vizuri, na mambo yanaanza baadaye sana, wakati ini limeshaharibika.

Kesho yake tuliondoka alfajiri na mwenzangu Lameki kwenda kupima miti. Tumerudi saa nane, namkuta Jeni anasugua sufuria nje. Kaniambia bibi yake kaenda gulioni kuuza maharage. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, kwamba wamekula ugali kwa uyoga, babu kachukua mwingine kwenda nao shambani, na mimi nimewekewa wangu.

Nikaingia ndani. Kweli, sahani imefunikwa mezani. Nikafunua. Uyoga mweupe, umeungwa kwa karanga. Nikageuka kutazama kichanja. Kitupu.

Nilimuuliza Jeni kama anajisikia vibaya, akasema hapana, ameshiba tu. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu kwa nilivyofundishwa kutokujisikia vibaya hakumaanishi chochote. Lameki nikamtuma zahanati akamwite nesi. Mimi nikapanda kichuguu, nikataka kumpigia mwalimu, vidole vikakupigia wewe. Sijui kwa nini. Nikasema "Mama, nimeua watu", na chaji ikaisha. Unisamehe kwa hilo. Sikuwahi kufikiria utabaki upande wa pili umeshika simu iliyozimika.

Nikadandia bodaboda mpaka gulioni. Njia nzima nilikuwa nahesabu: mzee, Jeni, Mama Nestori. Watu walionipa kitanda cha binti yao aliyeolewa, wananipikia, na mimi nimewaletea sumu nikaiweka juu ya moto wao kwa mikono yangu. Nilikuwa nalia mpaka yule dereva akapunguza mwendo akaniuliza nimefiwa na nani.

Nilimkuta Mama Nestori anampimia mteja maharage. Nikapiga magoti palepale kwenye matope. Nikasema yote, uyoga, kichanja, pete, ini, kila kitu, sijui hata kwa mpangilio gani. Akamaliza kupima. Akampa mteja mfuko wake. Halafu akanitazama.

"Uyoga wako uko kwenye debe, juu ya ghala," akasema. "Niliutoa usiku uleule nilivyorudi kwaya. Huu wa leo nimechuma mwenyewe asubuhi, kwenye mahindi yangu."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Hapo ndipo alipokasirika kidogo. Akasema alitaka kunisema asubuhi, akakuta nimeshaondoka, na kwamba ule mweupe aliutambua hata kabla hajafungua gazeti vizuri, na mikono aliiosha kwa majivu na sabuni, na kichanja akakisugua.

Mama, nililia upya. Kilio kingine hiki, cha kushukuru, hata kinavyotoka ni tofauti. Wanawake wa gulioni walinicheka, mmoja akaninunulia soda, mwingine akasema wasomi wa siku hizi wana mambo. Nesi alipotufuata gulioni na mkoba wake nyuma ya Lameki, akaona watu wamekaa wanakunywa soda, alitutukana wote wawili. Nilimsikiliza kwa raha zote. Hata hivyo alikwenda kumpima Jeni na mzee, na kesho yake akarudi tena, na wote walikuwa wanakula mihogo.

Jioni ile tukiwa tunachambua maharage barazani, Mama Nestori aliniambia jambo ambalo Jeni halijui. Walipofika huku, msitu ulikuwa bado msitu, nyumba hazijajengwa, chakula hakitoshi. Kwao walikuwa wanajua uyoga wao. Hapa wakaona unaofanana nao, mama yake akapika. Wakubwa walikula kidogo ili watoto washibe. Yeye alikuwa na homa, hakula. Mdogo wake alikula sana, akaomba aongezewe. Anaitwa Domina. Alisema hivyo, anaitwa, kama vile yupo hapo nje anacheza. Baadaye wanawake wa Kibende wa vijiji vya jirani ndio waliowafundisha upi ni upi, na yeye alijifunza kwa kuwafuata nyuma kila mvua, mpaka wakachoka na maswali yake.

Nikaendelea kuchambua maharage.

Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe kesho yake kuungama, nikijua nafungasha virago narudi Singida. Alinisikiliza huku amevua miwani. Hakunifukuza. Alinisimamisha mbele ya wenzangu nieleze kosa langu mwanzo mpaka mwisho, na sasa sampuli zote zinakaushiwa kwenye kibanda cha peke yake, mbali na jiko la mtu yeyote. Kisha akaenda kumwomba Mama Nestori atufundishe. Kwa hiyo mwanao siku hizi anaingia msituni na Mama Nestori mbele, na mwalimu nyuma anaandika kama sisi. Akikosea kutofautisha, Mama Nestori anaguna tu. Nimepona, Mama. Nalala kama mtoto.

Nisalimie Baba, mwambie cheti kipo njiani. Msalimie Shangazi wa dukani anayekusomea meseji zako pale miwani inapopotea, na Bibi mzaa baba, na mama mkwe wa kaka pale kisimani. Ramadhani asinyoe tena ile staili yake kabla sijarudi.

Nilidhani barua imekwisha, lakini Mama Nestori amekaa hapa mbele yangu anabangua karanga. Kaniuliza kama ninayemwandikia ndiye niliyempigia siku ile. Nikasema ndiye. Kaniuliza ulilalaje usiku huo, kabla meseji haijafika. Nikamwambia sikukuuliza. Amenisema, Mama, kushinda siku ya gulio. Halafu amesema nikuandikie maneno haya, nisipunguze: "Mwambie mama yako, chochote anachokula mtoto wake hapa, mimi nakila kwanza."

Nami kweli nimemwangalia. Kila mlo, kabla hajagawa, anaonja kila sufuria, hata yangu, kisha anakaa kidogo mikono magotini. Jeni humcheka, anadhani ni uroho.

Mwanao,
Zuhura