Mzigo Hautuliwi Kwenye Ngazi

Jumatatu, 3 Machi
Bahati yangu mimi ni ya mtende, kuota jangwani. Saratani ya damu ilinijia inakimbia, imeondoka inachechemea. Dada kanipa uboho wake, ukapandikizwa, ukakubali — na sasa mwili wangu umerudi wote, pamoja na chenji. Daktari alitikisa kichwa kwa mshangao. Au shingo ilimuuma, sijui. Hata kundi la damu sasa ni la dada. Ndiyo maana siku hizi nagombana na masufuria kama yeye.

Nimehamia kwake, chini. Kwangu ni ghorofa ya tatu. Kanibembeleza nikae naye, nikamwonea huruma.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali, mazoezi. Mtaalamu wa viungo ni mama mfupi, sauti kama kengele. Eti nikae kitini, niinuke bila kushika. Mimi! Nikamwambia, mama, nimebeba mafriji ambayo ungeyaona ungelia. Akasema, "Friji halipo hapa, baba. Inuka."

Nimeinuka. Kiti nacho kiliinuka kidogo, nilikuwa nimekishika.

Anasema pumzika kabla hujachoka. Hajui kazi yetu huyu. Sisi wahamisha vyombo tuna sheria moja: mzigo hautuliwi kwenye ngazi. Ukiutua hapo hauinuki tena.

Ijumaa, 7 Machi
Kaja Kibiriti, mwenzangu wa kubeba. Yeye hushika juu, mimi chini — nashuka kinyumenyume, uzito wote kifuani. Kasema tajiri wetu, mwenye lori, kapata mtu mwingine wa kushika chini. Jamaa ana shingo kama gogo. Nisipotokea Jumatatu, nafasi ni yake.

Nikasema, mwambie Gogo akalale.

Dada akiwa jikoni: utaniua kwa presha wewe. Nikamjibu, dada, ufe vipi? Damu yako ya akiba ninayo mimi.

Kacheka. Halafu kaacha kucheka, kafunga bomba, mikono bado imelowa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwangu kujipima na ngazi. Nimefika.

Ghorofa ya kwanza. Nayo ni ghorofa.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika kwenye kipande cha boksi, nitakigundisha daftarini baadaye. Nimekaa kwenye ngazi za mteja.

Kabati la nguo, milango miwili, kioo katikati. Tajiri yuko chini kwenye lori, mikono kiunoni, Gogo pembeni yake kama tairi la spea. Nilishika chini. Kona ya kwanza nilipita napiga mluzi. Ya pili, mluzi ukakatika. Kibiriti akaniuliza taratibu, "Kaka, tutue?" Nikamwambia mzigo hautuliwi kwenye... Pumzi ikaondoka bila kuaga.

Nimetua. Mimi, kwenye ngazi.

Kabati limejibana kati ya ukuta na reli, haliendi popote. Kibiriti kabaki upande wa juu, simwoni, naona vidole vyake tu. Tajiri kapaza sauti, kuna nini huko? Kibiriti kajibu, "Tunapima kona, tajiri!" Kisha kaninong'oneza: vuta pumzi, kaka, kona hii tutaipima mpaka jioni ukitaka.

Mungu amlinde mtu yule. Mwembamba, lakini kabeba zaidi ya kabati.

Sasa nasikia viatu vinapanda. Vizito. Ni Gogo huyo, katumwa. Sawa, aje. Kuna pembe mbili huku chini: ashike moja, hii nyingine ni yangu, siitoi hata wanibebe pamoja nayo. Ila sijainuka bado. Yule mama kasema nipumzike, napumzika.

Kabla hajafika niandike jambo moja. Ile bahati ya mtende ni uongo. Mwili haujarudi hata nusu. Na dada hakunibembeleza. Nilimwomba mimi, maana ngazi za kwangu zimenishinda.