Jumamosi Usije Kalenga

Kalenga,
Iringa.
11 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Blandina,

Kamwene! Hamjambo hapo Uyole? Mguu wa shemeji unaendeleaje? Sisi miili ni mizima. Mengine hayasemeki, ila wewe lazima nikuambie.

Nguruwe wameisha. Amebaki yule jike mkubwa tu, naye tangu jana hagusi chakula. Ni homa ya nguruwe, na bwana mifugo kasema haina dawa wala chanjo.

Nimeileta mwenyewe, mdogo wangu. Unayajua makombo ninayochukua kwenye hoteli ya watalii, njia ya hifadhini. Bwana mifugo alishanionya niyachemshe, maana mabaki ya kitimoto, nyama ya nguruwe wenzao, yanaweza kuwa na ugonjwa. Nikawa nachemsha. Mvua zilipokolea kuni zikalowa, nikaacha kuchemsha, nikajiambia, chakula alichokula mgeni wa hoteli kitamdhuru vipi nguruwe? Jamani, akili gani ile.

Na hoteli walivyokuwa wakijisifia mimi! Picha yangu na nguruwe wangu wameibandika mapokezi, wageni waone kwamba pale chakula hakitupwi. Sasa wanamwaga shimoni nyuma ya jiko, nzi wanafika hadi mezani kwa wageni. Meneja Philbert ananipigia niendelee kuchukua. Nikamlishe nani? Nimemwomba aweke pipa la kuchemshia hukohuko hotelini, kisitoke kitu kisichochemshwa kwenda kwa mfugaji mwingine. Kasema atafikiria.

Anord, huyu jirani yetu wa lori, kaniambia umejiandaa kuja Jumamosi kunipa pole. Blandina, nakusihi, usije. Ugonjwa huu unasafiri hata kwenye viatu, na wewe nguruwe wako saba bado wazima, ndio wanaokulelea watoto. Najua kwetu mtu mwenye msiba haachwi peke yake. Shemeji yako Clement siku hizi anakaa tu anatazama banda, na mimi hapa hakuna ninayemtaka kama wewe.

Barua hii anayo Anord. Nimemwambia akukabidhi barabarani, asikanyage uani kwako. Kupiga simu nimeshindwa, maana nikisikia sauti yako nitasema njoo.

Nisalimie shemeji, mwanao Faustina na mama mkwe wako Tupokigwe. Mungu asimame mlangoni pa banda lako.

Wako akupendaye, ingawa nakukataza,
dada yako Yusta