Keki ya Kumuaga Kocha

Dada LaVonne,

Ile keki tuliyokula mwezi wa tano kumuaga Verlyn, tuliila bure. Mume wangu amerudi chuoni! Miaka thelathini ya kufundisha futiboli yao ya Kimarekani, ya kuvaa helmeti na kugongana, haijamtosha. Eti anasaidia tu mpaka kocha mpya azoee, na huyo kocha mpya maskini hapati hata nafasi ya kupuliza filimbi.

Mahindi huku yamekomaa vizuri. Jikoni kwangu kumejaa helmeti zinazonuka jasho, na jana nimemkuta akipanga mashambulizi mezani kwa chupa za haradali na chumvi.

"Verlyn, toa vikorokoro vyako tule."

"Subiri, mke wangu. Huyu chumvi hajakabwa na mtu."

Nusura nimrushie sufuria.

Unatujua. Nyumba hii hakuna anayethubutu kuoa wala kufa Jumamosi ya msimu wa mechi. Binti yetu Marlys aliolewa Jumanne, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Sasa nisikilize. Wamenikuta na uvimbe kwenye titi. Daktari anataka kunipasua Ijumaa hii, nami nikamwuliza kama haiwezi kungoja wiki isiyo na mechi. Mimi, LaVonne, kwa mdomo wangu huu! Daktari mwenyewe zamani alikuwa mchezaji wa Verlyn. Akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Mama Kocha, hata wewe?"

Basi njoo Alhamisi, ulale kwangu. Verlyn bado sijamwambia. Jumamosi timu yake inacheza nyumbani.

Mdogo wako aliyechoka,
Ardis